Je, Kompyuta Iachwe Ikiwaka Daima?

1. Usiku wa giza

Shule yetu iko mlimani, na nguzo za umeme hazijaifikia bado. Nuru yetu ya usiku hutoka katika jua: mabamba mawili yaliyo juu ya paa la ofisi hupokea mwanga mchana kutwa, na nguvu zake huwekwa akiba katika betri kubwa iliyo ndani ya sanduku la mbao. Betri hiyo ndiyo iwashayo taa sita za chumba cha kujisomea, na hiyo hiyo ndiyo iendeshayo kompyuta moja ya shule. Kompyuta yenyewe ni ile ndogo ikunjwayo kama kitabu, ambayo wengine huiita kompyuta mpakato na wengine laptopu. Ndani yake mna majina ya wanafunzi, na alama zao, na mitihani wanayotungiwa.

Jumamosi moja wakati wa masika, yapata saa sita mchana, nilimaliza kuandika mtihani wa muhula, nikaondoka bila ya kuizima kompyuta. Wala sikusahau, niliiacha ikiwaka kwa makusudi. Nilikuwa nimesikia tangu zamani ya kuwa kompyuta izimwayo na kuwashwa mara kwa mara huchakaa upesi, nami niliamini, hata nikaipanga isilale kamwe. Jumapili mvua ikanyesha kutwa, jua lisionekane. Jumatatu mambo yakawa yale yale, nami nilishinda darasani, nisiingie ofisini.

Jumatatu ile, saa mbili usiku, wanafunzi wa darasa la saba walikuwa wameinamia madaftari yao, maana mtihani ulikuwa kesho yake. Mara taa zote sita zikafifia, kisha zikazimika. Tulitafuta kandili, tukaipata, lakini haikuwa na mafuta. Basi wakaenda kulala kabla ya wakati wao, na wengine hawakuwa wamefika hata nusu ya somo.

Nilikwenda kuifungua ofisi, na msichana mmoja wa darasa lile akinifuata na tochi ndogo. Tulipofungua mlango hatukuihitaji tochi. Kompyuta ilikuwa ikiangaza peke yake juu ya meza, kwa nguvu za betri yake ya ndani, na kioo chake kikiuonyesha ukuta karatasi ya mtihani. Msichana yule aligeuza uso wake asiyaone maswali, akaniuliza kwa adabu, “Samahani, Mwalimu, siku zote hizi ilikuwa ikifanya kazi gani?”

Nilikosa jibu. Haikuwa ikifanya kazi yo yote. Tangu usiku ule niliona yanipasa kulichunguza jambo hili vizuri, na haya niandikayo ndiyo niliyojifunza.

2. Imani ya zamani ilikotoka

Kwanza tusiwacheke watu wasemao kwamba kompyuta isizimwe. Usemi huo ulikuwa wa kweli zamani, na una asili yake.

Mwaka 1946, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, watu walionyeshwa kompyuta kubwa iliyoitwa ENIAC. Haikuwa ya kupakata. Ilijaza chumba kizima, uzito wake ulipita tani 25, na ndani yake mlikuwa na valvu zipatazo 18,000. Valvu ni chombo cha kioo kinachofanana na taa ya umeme, chenye waya mwembamba ndani, nao waya huo hauna budi kupata moto ndipo chombo kifanye kazi. Sasa fikirini: waya ukipata moto hutanuka, ukipoa husinyaa. Kutanuka na kusinyaa mara nyingi humaliza nguvu za waya, mwisho hukatika. Ndiyo sababu taa za zamani za umeme mara nyingi ziliungua wakati ule ule mtu alipobonyeza swichi.

Mafundi wa ENIAC waliona kwamba valvu nyingi zaidi zilikufa wakati wa kuwasha na wakati wa kuzima. Basi wakakata shauri kuiacha mashine yao ikiwaka usiku na mchana. Walifanya kwa akili, maana kwa mashine ya namna ile hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kuihifadhi.

Lakini mwaka 1947 wataalamu wa Bell Laboratories, huko huko Marekani, walivumbua kitu kidogo kiitwacho transista. Hicho hufanya kazi ya valvu bila ya waya wa moto. Leo kompyuta ndogo ya mwalimu ina transista kwa maelfu ya mamilioni katika kipande kisichozidi ukucha, wala hamna hata valvu moja. Mashine imebadilika, usemi haukubadilika. Watu wengi hurithi usemi kwa wazee wao bila ya kurithi sababu yake.

Wengine husema tena, “Je, ile diski izungukayo ndani ya kompyuta, si huumia kila inapoanza kuzunguka?” Ni kweli kwamba kuanza kuzunguka ni kazi kubwa kuliko kuendelea kuzunguka. Walakini waliozitengeneza walilijua jambo hilo, wakaziunda zivumilie kuanza na kusimama makumi ya maelfu ya mara. Pigeni hesabu: ukiizima kompyuta na kuiwasha mara 5 kila siku kwa muda wa miaka 10, hizo ni mara 18,250 tu. Tena kompyuta nyingi za siku hizi hazina diski ya kuzunguka kabisa.

3. Hesabu ya nguvu

Sasa na tutazame gharama ya kuiacha ikiwaka. Nguvu za umeme hupimwa kwa wati. Kitu cha wati 1 kikifanya kazi kwa muda wa saa 1, hutumia kipimo kimoja kiitwacho wati-saa.

Taa zetu sita ni za LED, na kila moja ni ya wati 9. Huwaka saa 3 kila usiku. Basi usiku mmoja hutumia 6 mara 9 mara 3, yaani wati-saa 162.

Kompyuta yetu ikiwa macho, na kioo chake kikiangaza, hutumia kama wati 20. Tangu Jumamosi saa sita mchana hata Jumatatu saa mbili usiku ni saa 56. Zidisheni 56 kwa 20, mtapata wati-saa 1,120. Gawanyeni kwa 162. Mwaona? Kompyuta isiyotumiwa na mtu ilikula nuru ya karibu usiku saba.

Betri yetu kubwa ni ya volti 12 na ampea-saa 100. Ikijaa kabisa ina wati-saa 1,200. Lakini betri ya risasi na asidi haifai kutumiwa hata ikaisha. Mwenye kuitunza huibakizia nusu, la sivyo hufa mapema. Kwa hiyo akiba yetu ya halali ni wati-saa 600 tu. Siku za jua kali hatukuona hasara, kwa sababu mabamba yalirudisha kila kilichopotea. Zilipokuja siku mbili za mawingu, hasara ikadhihirika. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza vile vile.

Mtu akaaye mjini, penye umeme wa nguzo, atasema kwamba taa zake hazizimiki kwa ajili ya kompyuta. Ni kweli, ila umeme wa nguzo nao hununuliwa. Wati 20 mchana na usiku kwa siku 30 ni wati-saa 14,400, yaani zaidi ya yuniti 14 za kulipia. Na auulize mfuko wake kama fedha hizo hazina kazi nyingine.

4. Betri na joto

Kompyuta ya kukunjwa ina betri yake ndani, nayo si ya risasi, bali ya lithiamu. Betri za namna hiyo zilianza kuuzwa mwaka 1991, na mwaka 2019 mabwana watatu waliozianzisha, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Ndizo zilizowezesha simu na kompyuta kuchukuliwa mkononi.

Betri hiyo ina pande mbili, na chembe za lithiamu husafiri toka upande mmoja hata upande wa pili ndani ya maji ya dawa. Ukiichaji, chembe huenda, ukiitumia, hurudi. Ina adui wawili. Adui wa kwanza ni joto. Adui wa pili ni kukaa imejaa pomoni muda mrefu. Adui hao wakikutana, dawa iliyomo ndani huharibika polepole, na betri hupungukiwa na uwezo wake. Pengine hutoa hewa, ikavimba.

Kompyuta iachwayo ikiwaka daima, na waya wa chaji ukiwa umechomekwa daima, huwapa adui wote wawili nafasi. Betri yake hukaa imejaa mia kwa mia, na mashine yenyewe huzidi kutoa joto. Watengenezaji wengi huonya kwamba kompyuta isitumiwe mahali penye joto lipitalo nyuzi 35 za Selsiasi, na ofisi iliyofungwa madirisha chini ya bati huweza kufika hapo wakati wa mchana. Tena kuna feni ndogo ndani ya kompyuta, inayovuta hewa ili kuipoza. Feni hiyo haichagui. Huvuta hewa pamoja na vumbi. Vumbi likijaa, hewa haipiti, na joto huzidi.

Nayo ya kwetu ilitupa ushahidi. Mwisho wa muhula ule niliiweka mezani nikaona haitulii. Ilitikisika kama kiti chenye mguu mfupi. Nilipoigeuza nikaona tumbo lake limevimba. Niliizima pale pale, nikautoa waya, nikaipeleka kwa fundi. Betri mpya ilinunuliwa kwa fedha tulizokusudia kununulia vitabu vya kusoma. Siwezi kuapa kwamba ni zile siku 3 zilizoivimbisha, maana miezi mingi kabla yake niliikalisha juu ya chaji usiku na mchana. Lakini naijua sababu, na sababu ilikuwa mimi.

Angalieni sana, wanangu: betri iliyovimba isitobolewe, wala isifinywe, wala isichajiwe, wala isitupwe motoni. Huweza kuwaka moto mkali. Mwambieni mtu mzima mara moja.

5. Akili ya mashine nayo hutaka kufagiliwa

Mpaka hapa tumesema habari za mwili wa kompyuta. Sasa tuseme habari za akili yake.

Kompyuta ikifanya kazi hutandaza mambo yake katika kumbukumbu, kama karani atandazavyo karatasi mezani. Programu nzuri ikimaliza kazi huondoa karatasi zake. Programu nyingine husahau moja hapa na moja pale. Siku ya kwanza huoni neno. Siku ya kumi meza imejaa, karani hana pa kuandikia, na kazi huenda polepole. Mtu akiizima kompyuta na kuiwasha upya, meza yote hufagiliwa. Kadhalika marekebisho mengi, ambayo watengenezaji huyaleta ili kuziba mianya ya wezi wa mitandaoni, hayakamiliki mpaka kompyuta iwashwe upya.

Pengine kosa dogo la mashine iliyoachwa ikiwaka huleta msiba. Iko habari moja ya kweli yenye huzuni, nami nawapeni.

Mwaka 1991 palikuwa na vita katika nchi za Ghuba. Jeshi la Marekani lilikuwa na mtambo uitwao Patriot katika mji wa Dhahran, nchi ya Saudia, na kazi yake ilikuwa kuyaona makombora ya Iraki yakija na kuyatungua angani. Mtambo huo uliongozwa na kompyuta, na kompyuta ile ilihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde.

Ninyi mwajua kwamba ukigawanya 1 kwa 3 unapata 0.333, na tarakimu haziishi. Sisi huhesabu kwa tarakimu kumi, lakini kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kwa hesabu yake hiyo, sehemu ya kumi nayo haina mwisho. Basi kompyuta ya Dhahran ilikata tarakimu za nyuma, ikabaki na kosa. Kosa lenyewe halikufikia hata sehemu moja katika milioni kumi ya sekunde. Nani angalijali kosa dogo kama hilo?

Lakini mtambo ule ulikuwa umeachwa ukiwaka zaidi ya saa 100 bila ya kuzimwa. Katika saa 100 mna sehemu za kumi za sekunde 3,600,000. Kosa dogo likiongezeka mara hizo zote, lilikuwa limefika karibu theluthi moja ya sekunde. Na kombora lile huenda zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde moja. Kwa hiyo usiku wa tarehe 25 Februari, 1991, kombora lilipokuja, kompyuta ilitazama mahali pasipo penyewe, kwa umbali uliozidi mita 500, isione kitu. Kombora likaanguka juu ya kambi, na askari 28 wakafa.

Na hili ndilo la kuhuzunisha zaidi. Wataalamu walikuwa wamekwisha gundua kosa lile, na watumiaji walikuwa wameonywa kwamba mtambo ukiachwa ukiwaka muda mrefu sana utakosea. Ila hawakuambiwa muda mrefu ni saa ngapi. Programu iliyosahihishwa ilifika Dhahran kesho yake. Kama mtambo ungalizimwa na kuwashwa upya kwa muda mchache tu siku ile, hesabu ya wakati ingalianza tena toka sifuri, na kosa lingalitoweka.

Kompyuta ya shule haitunzi makombora, nami sitaki mwogope. Nimeitaja habari hii ili mwone kwamba kuwasha upya si ushirikina wa mafundi. Iko sababu yake, na sababu hiyo huweza kuandikwa kwa hesabu za darasa lenu.

6. Namna za kupumzika

Wengi hudhani kwamba kompyuta ina hali mbili tu, kuwaka na kuzimika. Sivyo. Kuna hali ya tatu, ndiyo ya kulala, na iko baina ya hizo mbili.

Kompyuta ikilala, kioo huzimika na kazi husimama, lakini kumbukumbu yake huendelea kupewa umeme kidogo ili isisahau. Kwa kawaida hutumia wati 1 au 2 tu. Ukiiamsha, kazi yako iko pale pale ulipoiacha. Walakini ikiishiwa na chaji kabisa usingizini, yale ambayo hukuyahifadhi huweza kupotea. Ndiyo maana mwenye busara huhifadhi kazi yake kwanza, kisha hufunika kifuniko.

Kuna pia usingizi mzito zaidi. Hapo kompyuta huyanakili yote yaliyomo katika kumbukumbu, ikayaandika katika diski, kisha ikajizima. Haili umeme zaidi ya ile iliyozimwa, na ukiiwasha huyasoma tena yale iliyoyaandika. Huo wafaa kwa safari.

Kuzima kabisa ni kufagia na kufunga mlango. Lakini kuzimwe kwa njia yake, kwa kuiamuru kompyuta ijizime, wala si kwa kuinyang’anya umeme ghafula. Kompyuta ikatizwayo katikati ya kuandika huweza kuliharibu lile daftari iliyokuwa ikiliandika.

7. Je, hakuna ipasayo kuachwa ikiwaka?

Ziko. Kompyuta za benki, na za simu, na za hospitali, ambazo watu huzihitaji saa zote, hazilali. Lakini tazameni zinavyotunzwa. Hukaa katika vyumba vya baridi, zina umeme wa akiba, na wako watu ambao kazi yao ni kuziangalia. Hata hizo huwashwa upya kwa zamu, moja ikipumzika na nyingine ikishika kazi yake. Ziliundwa kwa kukesha, kama mlinzi aliyeajiriwa kwa kazi ya usiku. Kompyuta ya kukunjwa iliundwa kwa kazi ya mchana.

Na ninyi nyumbani, kama kaka yenu anapokea programu kubwa kwa intaneti usiku kucha, hapana ubaya kuiacha ikiwaka usiku mmoja, mradi iwe juu ya meza, penye hewa. Wala si kweli kwamba itaharibika kwa usiku mmoja. Kosa si kuiacha ikiwaka kwa sababu. Kosa ni kuiacha ikiwaka bila ya sababu, siku baada ya siku, na mtu asijue inafanya nini.

8. Kanuni za shule yetu

Baada ya mambo haya tuliziandika kanuni, tukazibandika ukutani juu ya meza ya kompyuta.

Kwanza, ukiondoka kwa muda mfupi, hifadhi kazi, ufunike kifuniko, uiache ilale.

Pili, kazi ya siku ikiisha, izime kabisa, na waya wa chaji uchomolewe.

Tatu, hata kama watu wanaitumia kila siku na kuilaza tu, na iwashwe upya mara moja kila juma.

Nne, isichajiwe mia kwa mia ikakaa hivyo. Kompyuta nyingi huweza kupangiwa zisimamishe chaji zifikapo themanini kwa mia, nasi yetu tumeipanga hivyo.

Tano, isiwekwe juu ya kitanda wala blanketi wala mto, maana vitambaa huziba matundu yake ya hewa.

Sita, mawingu yakitanda na radi zikianza, chomoa waya zote. Radi haibishi hodi.

Saba, mitihani na alama zihifadhiwe mahali pawili, maana hata mashine itunzwayo vizuri ina siku yake ya mwisho.

Kushika zamu ya kompyuta nilimkabidhi msichana yule aliyeniuliza swali. Kila jioni, saa kumi na moja, alifika ofisini akaihakikisha imezimwa, akauchomoa waya, akaandika katika daftari dogo siku na saa. Mwaka ule masika yalirudi kwa siku nne mfululizo za mawingu mazito. Usiku wa nne taa sita ziliwaka toka saa moja hata saa nne kama kawaida, na hakuna aliyesema neno, kwa sababu nuru ikiwapo watu hawaitaji. Mimi niliitazama, nikalikumbuka swali lake. Nanyi mkiona kitu kinawaka na hakuna akitumiaye, kiulizeni swali lile lile: kinafanya kazi gani?

Maswali

1. Kwa nini mafundi wa ENIAC hawakutaka kuizima mashine yao? Kwa nini sababu hiyo haihusu kompyuta za leo?

2. Kompyuta ya wati 20 iliachwa ikiwaka tangu Ijumaa saa kumi jioni hata Jumatatu saa moja asubuhi. Ilitumia wati-saa ngapi? Zingaliwasha taa sita za shule kwa usiku mingapi?

3. Taja adui wawili wa betri ya lithiamu, na ueleze jinsi ya kuwaepuka.

4. Eleza kwa maneno yako jinsi kosa dogo la wakati lilivyokuwa kubwa huko Dhahran.

5. Ni tofauti gani iliyopo kati ya kompyuta iliyolala na iliyozimwa?

6. Tazama nyumbani kwenu leo usiku. Andika vitu vyote vinavyowaka au vilivyo juu ya chaji, na kando ya kila kimoja uandike kinafanya kazi gani.